Nyumba Nyeupe Niliyomchagulia Karanja

Mjukuu wangu Wambui anakwenda India. Alikuja Jumapili kutoka Kiganjo anakopanga, akavua viatu, akajitupa kwenye kochi langu, na kabla chai haijachemka akanisogezea simu hadi karibu na pua.

"Cucu, India ni kubwa ajabu," akasema. "Wiki mbili ni kama hakuna. Inabidi tuchague zile places za lazima, zingine tuachane nazo. Wewe ungeenda wapi?"

"Mimi ningeenda kulala," nikamwambia. "Magoti yangu hayana pasipoti."

Akacheka, akaendelea kutelezesha kidole. Ngome, mto, milima yenye theluji, soko la viungo. Kisha kidole kikasimama juu ya nyumba nyeupe yenye kuba, imesimama mbele ya maji na kivuli chake kimelala majini. Nikamwomba simu. Nilijifanya nataka kuona vizuri, lakini kusema kweli nilitaka kitu cha kushikilia. Nyumba hiyo naijua tangu sijaota meno ya ukubwani. Mimi ndiye niliyeichagua, na niliyemchagulia hakuifikia.

Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye laini, zile safu za vyumba vya vibarua wa mashamba ya kahawa, mnaijua harufu ya maganda ya buni yaliyochacha. Huanza tamu, ukadhani kuna mtu anapika kitu kizuri, halafu inakuingia kooni na haitoki tena. Baba yangu alisimamia mashine ya kumenya buni katika shamba la mzungu mmoja nje ya Ruiru, upande huo huo ambako siku hizi Gitothua imejaa maduka na nyumba za kupanga. Harufu ile ilikaa kwenye koti lake, kwenye blanketi letu, hata kwenye ugali. Nilidhani ndiyo harufu ya akina baba wote duniani.

Karanja alikuwa mdogo wake baba, na yeye hakunukia kahawa. Alikuwa mwalimu katika shule ndogo ya udongo hadi Emajensi ilipoingia, ile hali ya hatari ya kuwasaka waliomwasi mzungu, na serikali ikaifunga shule. Ndipo akaenda kupima vitambaa katika duka la Mhindi mmoja mjini Ruiru, mzee tuliyemwita Devji. Alilala na makapera upande wa pili wa laini, lakini chakula cha jioni alikula kwetu, na akiinama kuingia mlangoni chumba kizima kilinukia ubani, binzari na khaki mpya.

Kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Cucu yangu alikuwa amekufa kabla sijazaliwa. Nikapewa jina lake, Wambui, na pamoja na jina nikapewa watoto wake. Baba akitaka kunikaripia alinikaripia kwa adabu. Karanja, mtu mzima mwenye ndevu, aliniita maitu, yaani mama yangu, na hakuwa akifanya mzaha. Kiazi cha kwanza kutoka sufuriani alinipa mimi. Aliponunua kofia alikuja kuniuliza kama inamfaa.

"Inakufaa, mwanangu," nikamwambia.

Mama yangu aligeukia ukuta akacheka mpaka mabega yakatikisika. Lakini mimi sikuona cha kuchekesha. Nilijua nina mwana, ana kimo cha mlango, na kwamba mwenye mwana hana budi kumwangalia.

Habari ya India ilianzia dukani. Devji alimwona Karanja akiyasoma magazeti ya kufungia sukari badala ya kuyafungia sukari. Siku moja akamwambia, "Wewe kichwa mazuri. Hapa hapana shule sasa. Enda Bombei, ndugu yangu tatafuta wewe nafasi." Na kweli ndugu yake akatafuta, nafasi ikapatikana. Ikabaki pasipoti, na pasipoti kwa Mkikuyu wa siku zile, ninyi mnajua. Karanja alienda ofisini akaambiwa arudi. Akarudi, akaambiwa arudi tena. Kila mara mama yangu alimpangusia kofia ile vumbi, akaenda.

Katikati ya kungoja huko alikuja nyumbani na kalenda aliyoazima dukani. Akaitandika sakafuni, akaweka mawe kwenye pembe isijikunje. Kila mwezi ulikuwa na picha yake: ndovu aliyepakwa rangi, mto wenye ngazi, milima myeupe, na ile nyumba. Sote tukapiga magoti kama watu wanaochambua mboga.

"Hiyo nchi ni kubwa," Karanja akasema. "Kutoka hapa hadi Mombasa ni uani tu kwao. Mtu akiingia mara ya kwanza bila kuchagua, atazunguka kama kuku aliyefungwa mguu, arudi hajaona kitu. Shule haitanipa nafasi ya kutembea sana. Kwa hiyo chagueni. Kila mtu kitu kimoja, nami nitakuwa macho yenu."

Baba hata hakuitazama kalenda. Alikuwa akijikwangua utomvu wa buni kwenye kucha.

"Hao ndio mzungu aliwaondokea, sivyo?"

"Ĩĩ. Si zamani sana."

"Basi mimi picha sitaki." Baba aliangalia mlango kwanza, akapunguza sauti. "Toka nje ya mji uone mashamba. Uone ni nani anayelima na ni nani anayesimama akitazama. Halafu uje uniambie kama mzungu akienda kuna kitu hubadilika."

"Na mimi," mama akasema, "uniangalilie wanawake wao wanabebea kuni wapi, kichwani au mgongoni. Ukipata mahali hawabebi kabisa, usirudi. Kaa huko huko utuite."

Ikafika zamu yangu. Nikaweka kidole kwenye nyumba nyeupe, nikakibana hapo mtu asije akakiondoa.

"Chagua vizuri, maitu. Ni kimoja tu."

"Hiyo. Nataka uingie ulale humo."

Nilikuwa nimefikiri sana. Nyumba safi namna ile haikosi kitanda kisicho na kunguni. Tena niliona maji mbele ya mlango, nikajua mwenye nyumba hatumi mtoto mtoni. Karanja akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kazi.

"Wahenga walisema asiyetembea hudhani mama yake ndiye mpishi pekee," akasema. "Sasa mama yangu mwenyewe ananituma nikale kwa watu. Sawa. Mengine yote yakinishinda, hilo halitanishinda. Neno la mama halirukwi."

Hiyo ndiyo sentensi ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu. Kwetu neno la mama si maneno ya hivi hivi. Mama akikutamkia jambo, jema au baya, limekwisha kutoka nyumbani kukutafuta.

Aliondoka asubuhi, akielekea Nairobi kuulizia pasipoti, na akiipata alikuwa ashike treni ya Mombasa moja kwa moja. Alikuwa na sanduku la bati. Alikuja mlangoni kwetu, akachuchumaa mbele yangu, akafungua viganja. Mlikuwa mkiona wazee wakifanya hivyo: mama humtemea mtoto mate kidogo mikononi, ndiyo baraka ya safari. Nilikuwa sijanywa uji na mdomo ulikuwa mkavu. Nikatema hewa na tone moja. Karanja akafunga viganja kana kwamba nimemwekea kitu kizito, akaingia kati ya mistari ya kahawa. Kofia ilionekana kwa muda juu ya mibuni, halafu haikuonekana.

Wiki hiyo ndiyo Nairobi ilizingirwa na askari. Wanaume wetu waliokotwa vyumbani, barabarani, hata kazini, wakapangwa mistari na kupakiwa. Mimi sikuambiwa. Niliona tu baba ameketi na koti lake, chakula kimepoa mbele yake.

"Karanja ameenda?" nikauliza.

"Ameenda."

"Kwa treni?"

"Kwa treni."

"Ile ya Mombasa?"

Baba akamtazama mama. Mama akatazama moto.

"Ile ya Mombasa," baba akasema.

Hakuna neno hata moja hapo lililokuwa uongo. Walikuwa wamempakia kwenye treni ya Mombasa kweli, yeye na wengine, madirisha yamefungwa kwa waya, wakashushwa njiani katika kambi iliyo nyikani kando ya reli. Lakini mimi nilifurahi hadi nikashindwa kula. Nilizunguka laini nzima nikiwaambia watoto wenzangu kwamba mwanangu amekwenda India. Mama zao walinisikia, wakainama kwenye sufuria zao, asiwepo wa kunisahihisha. Wanaume wa laini walizidi kupungua miezi ile. Nikadhani India imependa watu wa kwetu.

Siku mama alipopata ruhusa ya nyapara kwenda Ruiru kununua chumvi, nilimfuata. Dukani kwa Devji harufu ilikuwa ile ile, na nikaisikia kama Karanja amesimama nyuma ya mlango. Kalenda ilikuwa imerudishwa ukutani juu ya mizani, imefunuliwa pale pale kwenye nyumba nyeupe.

"Mzee," nikasema, "Karanja amefika pale?"

Devji akamwangalia mama yangu. Mama akaangalia chumvi.

"Kule ndani kuna vitanda vizuri?" nikaendelea. "Nilimwambia alale humo."

Alikuwa mtu mpole, na nadhani alishukuru kupata swali analoweza kulijibu bila kudanganya. "Pale hapana lala mtu, toto. Ile kaburi. Mfalme najenga kwa bibi yake, bibi nakufa."

Ninyi mnajua mambo yetu ya zamani kuhusu maiti. Cucu yangu ninayebeba jina lake alipelekwa msituni kwa desturi ya kale, na baba hakupata hata siku moja kutuonyesha ni upande gani. Kifo hakikutajwa mbele ya chakula. Na mimi nilikuwa nimemtuma mwanangu akalale kaburini, nikaweka na kidole. Nilisikia baridi ikipanda kutoka sakafu ya simiti ya duka lile mpaka magotini. Neno la mama halirukwi. Alisema mwenyewe.

Nikamshika Devji suruali. "Mwambie asiende! Mwambie mama yake amebadilisha. Aende milimani. Aende kwa ndovu. Mwambie maitu amesema hapana!"

"Wambui, nyamaza," mama akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Devji alivua miwani akaifuta kwa kanzu yake, akaivaa, akaivua tena. "Mimi taambia yeye," akasema.

"Leo?"

"Leo."

Akanipa kipande cha sukari nguru. Nilikishika mkononi njia nzima bila kukila, kikayeyuka kikanibandika vidole. Mama alitembea mbele upesi upesi, akijipangusa macho kwa pembe ya leso, nikadhani ni vumbi la lori. Moyo wangu ulikuwa umetulia. Wahindi wana njia zao, nilijiambia, na Bombei ni kwao. Ujumbe utafika.

Baada ya hapo laini yetu ilizungushiwa seng'enge, na nje ya seng'enge handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Wanawake ndio waliolichimba. Tulihesabiwa asubuhi, tukahesabiwa jioni. Mwanya ulikuwa mmoja, na pale mwanyani walisimama homgadi, watu wa lugha yetu waliopewa mikuki na bunduki watulinde dhidi ya jamaa zetu wenyewe. Mkubwa wao alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya manyoya. Tulimwogopa sana. Alikuwa na kiboko, na kiboko kilijua kazi.

Asubuhi moja, tukiwa tumepangwa kuhesabiwa, alikuja na afisa kijana wa kizungu mwenye kaptura. Wanaume waliobaki walikuwa wamekwenda kazini, baba akiwa mmoja wao. Yule mkubwa akasoma uso mmoja mmoja, kisha akauliza kwa sauti, "Mama yake Karanja wa Mwangi ni nani hapa?"

Nilijua baadaye kwamba kule kambini kila mtu aliulizwa jina la mama, na Karanja akasema Wambui. Angesema nini kingine?

Wanawake walitazamana, halafu mmoja akanitazama mimi, na wengine wakamfuata. Mama akashika gauni langu kwa nyuma, lakini hakulivuta. Nikatoka mstarini.

"Ni mimi," nikasema.

Afisa akacheka. "Huyu toto nasema nini?"

"Anasema kweli, bwana," homgadi akajibu. "Kwetu huyu ndiye mama yake."

"Ujinga. Haya, upesi."

Basi mtu yule, tuliyemwogopa hadi vivuli vyetu vilikimbia, akavua kofia yake ya manyoya. Akachuchumaa mbele yangu kama Karanja alivyochuchumaa. Pumzi yake ilinuka tumbaku.

"Maitu," akasema, "mwanao alishikwa na homa ya tumbo. Hatarudi."

Niliuliza kitu kimoja tu, maana kilikuwa ndicho kitu pekee nilichotaka kujua.

"Alifika kwenye nyumba nyeupe?"

Aliinua macho kuwatafuta wanawake wamsaidie. Hawakumsaidia.

"Amefika, maitu," akasema. "Amefika. Amepumzika."

Basi Devji alichelewa. Ndivyo nilivyoelewa. Ujumbe ulifika Bombei Karanja akiwa amekwisha kupita, ameshika lile neno langu la kwanza, ameingia akalala. Sikulia. Wanawake nao hawakulia, kwa kuwa kilio mstarini kilikatazwa, lakini nilisikia pumzi zao zikikatika nyuma yangu. Mama alinibeba mgongoni hadi chumbani ingawa nilikuwa nimekua wa kubebwa, na alipoinama kunishusha ndipo nikamsikia.

Kwa miaka mingi Karanja alilala mle ndani, katika kichwa changu, chini ya kuba, maji mbele ya mlango. Wakati mwingine niliona uchungu hata nikajiuma mkono. Wakati mwingine, Mungu anisamehe, niliona fahari, maana hakuna mtu wa laini yetu aliyezikwa pazuri namna ile.

Nilikuwa msichana mkubwa wakati mtu mmoja aliyetoka kambini alipokuja kumwona baba. Aliketi na kikombe cha uji, meno ya mbele hana, akatueleza polepole. Karanja hakufika mbali kuliko kambi ile. Mchana, jua likiwa limewaangukia, alikuwa akiwaambia wenzake wachague. India ni kubwa, chagueni, kila mtu kimoja. Akachora mto vumbini, akachora milima. Watu walichagua mpaka wakagombana. Nyumba nyeupe hakumruhusu yeyote aiguse. Alisema hiyo ni ya mama yake, imekwisha kuchukuliwa. Alisema hivyo hadi homa ilipomnyamazisha. Walimzika na wengine katika shimo moja, bila jiwe, bila kijiti. Kichaka kimeota hapo, yule mtu akasema, hata mimi sasa nikienda sipajui. Treni zinapita tu.

Kutangulia si kufika, husema watu wakimfariji aliyechelewa. Karanja hakutangulia na hakufika. Vitu vyote tulivyomtuma akaone, hakuona hata kimoja. Baba aliishi akaona mzungu akiondoka. Shamba lile lilichukuliwa na mtu wetu mwenye gari zuri kuliko la mzungu, na baba akaendelea kumenya buni ya mtu huyo hadi kifua kilipomshinda. Jibu alilolitaka kutoka India alilipata Ruiru hapa hapa. Mama alibeba kuni mgongoni mpaka mgongo ukakataa kunyooka, akazikwa amepinda hivyo hivyo.

Na mimi? Nimesoma, nimefundisha watoto wa watu, najua homa ya tumbo hutoka kwa maji machafu wala haitoki kwa kidole cha mtoto juu ya kalenda. Najua. Lakini kuna mtoto mmoja ndani yangu bado ameshika suruali ya Mhindi, na huyo hajapata mtu wa kumwambia kitu akaamini.

"Hapa usiende," nikamwambia mjukuu wangu, nikimrudishia simu.

"Cucu! Hii ndiyo namba wani. Tumeshabook. Mtu ataendaje India akose hii?"

"Nenda milimani. Nenda ukaone ndovu."

"Kwani hapa kuna nini?"

"Ni kaburi."

"Najua ni kaburi, cucu. Ni la mapenzi." Akanibusu kipaji cha uso. Ana jina langu, na kwa hiyo ana mwana mahali fulani nyikani kando ya reli, naye hajui. Nilifungua kinywa nimwambie, nikaona viatu vyake vipya na uso wake uliojaa safari, nikakifunga.

Alipokuwa anatoka alisimama mlangoni akakunja magoti, akafungua viganja mbele yangu. Nilimfundisha hivyo tangu akiwa wa mitihani ya shule ya msingi. Chai nilikuwa sijainywa, mdomo ulikuwa mkavu. Nikatema hewa na tone moja. Akafunga vidole, akacheka, akaenda. Mate hayo hayo niliwahi kuyatuma India, na hata Mombasa hayakufika.